Shahidi wa Paka Wawili

Sikio la kushoto la Karani lilikuwa likicheza peke yake.

Nyamizi alipiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha mizani na kulitazama kupitia kioo cha barakoa yake. Paka anayesumbuliwa na nzi hutikisa sikio mara moja, kisha hutulia. Hili halikutulia. Lilichezacheza kama kope la mtu aliyekesha, na kila lilipocheza ngozi ya mgongoni ilifuata, ikitetema kutoka mabegani mpaka kwenye shina la mkia. Mate yalikuwa yamelowesha kidevu na kifua. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka hata rangi ya jicho ikabaki ukingoni tu, utepe mwembamba wa kijani.

"Mtikisiko wa misuli: upo," ilisema sauti sikioni mwake. "Mate: mengi. Joto la mwili: limepanda. Dalili zinalingana na Mtetemo. Afisa Nyamizi, thibitisha."

"Bado naangalia."

"Muda wa kuangalia unakwisha jua likitua. Ukinyamaza, kimya chako kitahesabiwa kuwa umethibitisha."

Mlinzi hakuwa na haraka wala hasira. Alikuwa mtambo tu, uliowekwa huko makao makuu, ukisikiliza hirizi zote za nchi. Hirizi ndilo jina watu walilokipa kile kipande kidogo, mfano wa punje ya mchele, kilichofukiwa chini ya ngozi ya shingo ya kila paka. Kilipima joto, mapigo ya moyo na mtikisiko wa misuli. Kilikuwa pia na kazi nyingine, ambayo watu hawakupenda kuitaja mbele ya watoto: nyuki, zile ndege ndogo za Mlinzi zisizo na rubani, wakipita juu, kiliweza kuusimamisha moyo uliokuwa karibu nacho.

Nyamizi aliinuka akaenda dirishani. Upande wa pili wa kioo alisimama Bibi Sechelela, mtunza ghala la mbegu la Chilanga, khanga yake ameikaza kiunoni kana kwamba anataka kubeba gunia. Nyuma yake uwanja ulijaa watu. Wote walisimama mbali naye kidogo.

"Bibi, nieleze tena. Ulianza kuona nini?"

"Asubuhi aliruka kupanda kwenye magunia, akakosea," alisema Bibi Sechelela karibu na matundu ya dirisha. "Karani tangu aje hajakosea kuruka hata mara moja. Nikasema labda ni usingizi. Nikampa dagaa. Anawataka, mwanangu, anawafuata kwa pua, lakini mdomo hautulii. Hapo ndipo nikajua hili si la kungoja kesho. Nikabonyeza kitufe cha kumwita daktari."

"Ungengoja hata tuanike uwele kwanza," ilidakia sauti ya mwanamke kutoka uwanjani. "Sasa umetuitia nyuki sote."

"Nimeita daktari," Bibi Sechelela alijibu bila kugeuka. "Nyuki wanajileta wenyewe."

"Amekula kitu kingine? Panya aliyekufa, nyama yenye sumu?" Nyamizi aliuliza.

"Hapa hatuweki sumu. Ndiyo maana tunafuga paka."

"Ametoka nje ya makazi?"

"Tangu aletwe juzi kutoka kituo cha paka hajavuka ua. Usiku wa jana amelala humu na Shemeji."

"Shemeji ni nani?"

"Paka mwingine. Amezaliwa humu humu. Tumemwita hivyo kwa sababu anakula kwa kila mtu na hafanyi kazi kwa yeyote."

Mtu mmoja alicheka uwanjani, kisha akajizuia.

Nyamizi alirudi kwa Karani. Alikuwa bado msichana wa shule Mtetemo ulipopita. Alikumbuka jinsi ulivyoanzia kwa paka na kuwahamia watoto kwa mate, na jinsi mikono ya watoto ilivyotikisika mchana kutwa mpaka wakachoka hata kulia. Baadaye nchi nzima iliwaua paka. Mwaka wa kwanza watu walishangilia. Mwaka wa pili panya waliingia maghalani, na msimu wa kupanda ukafika hakuna mbegu. Ndipo paka waliporudishwa, kila mmoja na hirizi yake, na Nyamizi na wenzake wakafundishwa chuoni namna ya kuishi na wanyama ambao watu waliwahitaji na kuwaogopa kwa pamoja.

Chuoni walifundishwa pia kwamba Mtetemo huanzia miguu ya nyuma. Paka huanza kuburuta miguu, hukimbia mwanga, hukataa chakula na huwa hamtambui tena mtu wake. Karani alikuwa akitikisika kuanzia masikioni. Alikuwa akitazama mwanga wa dirisha. Bibi Sechelela aliposema, alijaribu kugeuza kichwa kuelekea sauti.

"Mlinzi, kuna dalili zisizolingana," alisema Nyamizi.

"Zinazolingana zinatosha."

Alimshika Karani kidevu kwa glavu zake nene na kumgeuza kichwa. Katikati ya masikio palikuwa na doa jekundu. Alidhani ni kidonda. Alipolisugua kwa kidole halikutoa damu, wala paka hakuonyesha maumivu. Ilikuwa rangi, imekauka kwenye manyoya.

Kabla hajapata nafasi ya kujiuliza, sauti ilirudi sikioni.

"Hirizi ya pili, Chilanga. Mtikisiko wa misuli: umeanza. Ugonjwa unaenea. Hali imepanda kutoka njano hadi nyekundu. Nyuki wamepaa kwa ajili ya paka wote wa Chilanga."

*

Walimwingiza Shemeji kupitia mlango mdogo wa kupitishia mizani, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa sufuria. Alikuwa paka mnene wa rangi ya majivu. Masikio yake yalikuwa yameanza mchezo ule ule.

Uwanjani hapakuwa na utani tena. Nyamizi aliona wanawake wakiondoka mbiombio kuelekea nyumbani, na alijua wanakokwenda. Wimbi wanalotuma nyuki halipenyi chuma. Kila mwenye paka alikuwa akitafuta pipa, au debe, au tangi bovu la maji la kumficha. Ndivyo ilivyokuwa hata enzi za Mtetemo wenyewe: ugonjwa ulisambaa kutoka kwa paka waliofichwa na watu waliowapenda.

Mwenyekiti wa makazi, Ndahani, alikuja dirishani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuzoea kupiga kelele juu ya mifugo.

"Daktari, thibitisha tumalize."

"Mwenyekiti, nipe nafasi kidogo."

"Ya nini? Paka mmoja ungesema bahati mbaya. Sasa ni wawili. Mimi nimeshaona kitu hiki kikianza na paka wawili." Alisogea karibu zaidi na matundu. "Zamani hapa waliniita Baba Nyemo. Unasikia mtu akiniita hivyo leo?"

Nyamizi aliinamisha macho. Kitufe cha kuthibitisha kiliwaka kwenye mkono wa vazi lake, chekundu, kikubwa, kimewekwa mahali ambapo hata mtu anayetetemeka asingekikosa. Waliokitengeneza walikuwa wamefikiria kila kitu. Akaleta kidole juu yake.

Angebonyeza. Baadaye hakujidanganya juu ya hilo. Paka wawili wa chumba kimoja, dalili moja, mmoja baada ya mwingine: hata yeye, kama angeulizwa kwenye mtihani, angeandika neno kuambukiza.

Kilichomzuia kilikuwa mbuzi. Alipita nyuma ya Ndahani, akisimama kunusa mguu wa suruali yake, na katikati ya pembe zake palikuwa na doa jekundu.

Nyamizi alitazama mbuzi wa pili kwenye ua. Naye alikuwa nalo. Punda aliyefungwa kwenye mkokoteni alikuwa nalo.

"Mwenyekiti, hiyo rangi kwenye vichwa vya wanyama ni ya nini?"

"Rangi gani? Hiyo ya josho? Jana ilikuwa siku ya kuogesha. Akishaoga anapigwa alama, asipite mara ya pili."

"Na Karani?"

Ndahani alikunja uso, kama mtu aliyeulizwa kama huwa anawapa wageni maji.

"Yule ametoka nje. Chilanga mnyama aliyetoka nje halali na wetu kabla hajapita joshoni. Hata akiwa kuku. Siku hiyo ndipo anakuwa wa hapa, watu wanampigia vigelegele. Nilimwogesha mwenyewe, kwa mikono yangu, kwenye beseni, maana kwenye josho angezama. Hakunikwaruza hata kidogo."

Nyamizi aliusogeza uso kwenye matundu ya dirisha.

"Mlitumia dawa ile ile ya ng'ombe?"

"Ile ile. Mpya, ya mafuta. Inaua kupe vizuri sana."

"Baba, ile dawa ng'ombe anaivunja mwilini mwake, mbuzi anaivunja, hata mbwa. Paka hawezi. Ini lake halina uwezo huo. Inaingia kwenye mishipa ya fahamu na kuiwasha, haizimiki. Ndiyo hii." Alionyesha sikio linalocheza. "Mtu asiyejua ataapa ni Mtetemo."

Bibi Sechelela aliziba mdomo kwa kona ya khanga. Ndahani alielekeza kidole kwenye kikapu. Kisha akasema polepole, na sauti yake ilikuwa imebadilika:

"Basi na Shemeji?"

"Vipi Shemeji?"

"Huyo amezaliwa humu. Hajaoga jana, wala hajaoga maisha yake yote. Sasa yeye anatikiswa na nini?"

Nyamizi aliinamia kikapu. Alimtazama Shemeji. Manyoya yake yalikuwa makavu, hayana rangi, hayana mafuta. Kila alichokuwa amekijenga kilianza kumomonyoka.

"Nyuki wako nusu ya njia," alisema Mlinzi.

Ndani ya kikapu Shemeji alijikokota mpaka ukingoni, akanyoosha shingo kuelekea kwa Karani. Alitoa ulimi. Ulimi nao ulikuwa ukitetemeka. Akaanza kumlamba mwenzake bega, kwa shida, akikosea, akirudia.

"Mtoe!" alilia Bibi Sechelela. "Ndiyo kazi yake hiyo. Tangu Karani aje hafanyi jingine, ni kumlamba tu. Jana alivyotoka kuogeshwa, Shemeji alimlamba mpaka akakauka."

*

Sasa Nyamizi alijua. Au alijua kwa kiasi ambacho daktari anaweza kujua kitu bila kipimo. Kipimo cha damu kilihitaji siku kadhaa, na nyuki hawakuwa na siku za kumpa.

Sheria ilikuwa na kifungu kimoja tu cha kuwazuia, na katika darasa lao walikisoma harakaharaka, maana hakuna aliyetarajia kukitumia. Afisa anayedai wanyama hawana Mtetemo aliweza kuwa shahidi wao. Alipaswa kuvua barakoa na glavu mbele ya jicho la Mlinzi, akabaki na wanyama ndani ya chumba kilichofungwa. Nyuki wangezunguka juu wakingoja mpaka jua litue. Mtetemo ukishaanza hauachi, haujali dawa ya kulegeza misuli wala nyingine yoyote. Kwa hiyo wanyama wakitulia, shahidi amesema kweli. Wasipotulia, nyuki watafanya kazi yao, na shahidi atabaki ndani. Waliotunga sheria walitaka anayesema "ngojeni" aseme kwa mwili wake.

Alimweleza Ndahani yote hayo kupitia matundu ya dirisha, bila kupunguza kitu.

"Sawa," alisema Ndahani. "Wewe ukifa humo ndani, ni hiari yako, na nitakulilia. Lakini kuna paka wengine Chilanga. Wanalala na watoto wetu. Kama umekosea, kuanzia sasa mpaka jua kutua wanaweza kulamba mikono mingapi? Hiyo nayo utaivulia barakoa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na Nyamizi alilijua tangu zamani, ila hakuwahi kuulizwa na mtu aliyezika mtoto. Mwili wake ulikuwa dhamana ndogo mno kwa kile alichotaka kukihatarisha. Kama angethibitisha, paka wangekufa, mbegu zingeliwa, lakini hakuna mtoto ambaye angetikisika. Hakuna ambaye angemlaumu. Mlinzi angemwandikia alama nzuri.

Alimtazama Bibi Sechelela, aliyesimama peke yake katikati ya uwanja. Hakuna aliyemsalimia tangu asubuhi.

"Mwenyekiti, huyu mama aliona paka wake amekosea kuruka, akabonyeza kitufe," alisema Nyamizi. "Hakungoja. Alifanya kile tunachomwomba kila mtu afanye. Leo nikimlipa kwa kuwaua paka wa jirani zake wote, nani hapa ataita tena? Siku Mtetemo wenyewe ukirudi, na unaweza kurudi, mtu ataona sikio likicheza na atamfungia paka wake ndani ya pipa. Wewe unajua ugonjwa utatoka humo na kwenda wapi."

Ndahani aligeuka kumtazama Bibi Sechelela.

"Sikuombi uniamini mimi. Nakuomba paka wote waliofichwa waletwe hapa, wafungiwe ghalani, mbali na watoto. Kama nimekosea, hakuna mkono utakaolambwa."

"Na kama umekosea, nyuki watawakuta wote mahali pamoja. Nje ya mapipa."

"Ndiyo."

"Unaomba watu wakupe paka wao mkononi."

"Ndiyo, Baba."

Wa kwanza kusogea alikuwa yule mwanamke wa uwele. Aliondoka bila neno. Aliporudi alikuwa amembeba paka wa madoadoa kifuani, ndani ya upande wa khanga, kichwa tu kikionekana. Alipita mbele ya Bibi Sechelela, akasimama.

"Fungua hilo ghala lako," alimwambia. "Na kama huyu wangu atakufa, mimi na wewe tutaonana."

"Tuonane," alisema Bibi Sechelela, akatoa funguo.

Kisha wakaja wengine.

Nyamizi alisimama mbele ya jicho la Mlinzi, lile duara jeusi juu ya mlango. Alivuta kamba ya barakoa. Ikatoka, na hewa ya chumba ikampiga usoni ikiwa na joto na vumbi la mtama. Na harufu. Kali, ya mafuta ya taa na kitu chachu, ilikuwa imejaa chumba kizima na kuganda kwenye manyoya ya Karani. Muda wote huo kichujio cha barakoa kilikuwa kikimkinga na kitu pekee ambacho hirizi haikuweza kupima.

Harufu haikuwa ushahidi. Paka aliyeogeshwa dawa anaweza pia kuwa na Mtetemo. Lakini ilimpa nguvu ya kuvua glavu.

"Shahidi amepokelewa," alisema Mlinzi. "Chumba kimefungwa."

*

Alimchoma Karani sindano ya kulegeza misuli, kisha Shemeji. Hiyo ingewatuliza, lakini dawa ya josho ilikuwa bado kwenye ngozi ya Karani ikiendelea kuingia. Ilibidi ioshwe yote. Na paka anayetikisika hivyo hawezi kuoshwa na mtu mmoja. Alijaribu, akamshika kwa mkono wa kushoto, akamwagia maji kwa wa kulia, na Karani akakakamaa ghafla, mgongo ukapinda, miguu ikapiga beseni hata maji yakamwagika.

Mlango uligongwa.

"Fungua," ilisema sauti ya Ndahani.

"Huwezi kuingia, Baba. Ukiingia hutoki."

"Nimesikia ulivyoeleza. Mimi si kiziwi. Fungua."

Aliingia bila barakoa, mikono ya shati imekunjwa, amebeba ndoo mbili. Mlango ulijifunga nyuma yake. Aliwatazama wale paka kwa muda kidogo na Nyamizi akaona kwamba mtu huyu alikuwa anaogopa, hasa, kama mtu anayeingia kwenye nyumba iliyoungua. Kisha akapiga magoti.

"Nilimwogesha mimi," alisema. "Nishike wapi?"

"Shingoni na mapajani. Usimkaze. Maji ni ya moto?"

"Uvuguvugu. Ulipiga kelele mara tatu, si ya moto, si ya moto."

"Ya moto yanafungua ngozi, dawa inazidi kuingia. Sabuni?"

Akatoa mfukoni chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo. "Sechelela anasema irudi."

Waliosha. Povu la kwanza lilikuwa la rangi ya kahawia na harufu yake iliwachoma macho. La pili likawa hafifu. Mara mbili Karani alikakamaa mikononi mwao, na mara mbili Ndahani alimshikilia, akimnong'oneza kwa Kigogo maneno ambayo Nyamizi hakuyaelewa, ya kuongea na ndama. Shemeji walimpangusa mdomo na ulimi kwa kitambaa kibichi, akawatazama kwa dharau kubwa. Wanawake walisukuma khanga kavu kwenye mlango mdogo wa mizani, nyingi kuliko walizohitaji, nyingine bado zikiwa na harufu ya moshi wa jikoni.

Ndipo nyuki walipofika. Uvumaji wao ulishuka juu ya bati na kukaa hapo, haupandi, haushuki. Ghalani, ng'ambo ya ukuta, paka wote wa Chilanga walianza kulia.

"Mbona hatulii?" aliuliza Ndahani. Shemeji alikuwa amelala, masikio yamenyamaza. Karani alikuwa amefungwa khanga kama mtoto mchanga, na ndani ya khanga alikuwa bado akitikisika.

"Yeye ndiye aliyeogeshwa. Kwake ni nyingi zaidi."

"Au ndiyo yenyewe."

"Au ndiyo yenyewe," alikubali Nyamizi. Hakuona sababu ya kumdanganya mtu aliyekaa naye ndani.

Alibakiwa na kipimo kimoja cha sindano. Kikizidi, pumzi ya paka ingekatika. Alihesabu mapigo ya moyo kwa vidole vyake vitupu, akasikiliza pumzi kwa sikio, akachoma. Mwanga wa dirishani ulikuwa umegeuka rangi ya dhahabu, kisha ya shaba. Nje hakuna aliyeondoka.

"Hirizi ya pili: hakuna mtikisiko," alisema Mlinzi kupitia kipaza sauti cha chumba, ili wote wasikie. "Hirizi ya kwanza: mtikisiko upo. Jua linatua."

"Ngoja," alisema Nyamizi.

"Hakuna kungoja baada ya jua kutua."

"Halijatua! Litazame!"

Ndahani alimweka Karani kifuani, akamkumbatia kwa mikono miwili, akafumba macho. Nyamizi aliona ngozi ya shingo ya paka ikitetema, ikatetema tena, kwa udhaifu, kama upepo unaokata tamaa. Kisha haikutetema. Alingoja irudie. Uvumaji wa juu uliongezeka. Haikurudia.

"Hirizi ya kwanza," alisema Mlinzi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtambo ulichelewa kumaliza sentensi. "Hakuna mtikisiko. Dalili hazilingani tena na Mtetemo. Nyuki wanarudi. Afisa Nyamizi, taja sababu ya kengele ya uongo."

"Haikuwa ya uongo," alisema Nyamizi. Akakaa chini sakafuni kwenye maji ya sabuni. "Paka alikuwa mgonjwa kweli. Andika: sumu ya josho. Andika: mtunza alimwita daktari mapema."

"Hakuna nafasi ya maelezo hayo."

"Basi itengeneze."

Uvumaji uliondoka juu ya bati, ukafifia. Nje mtu alianza kigelegele, akakikatiza, kana kwamba ameona aibu, halafu wengine wakakimalizia. Bibi Sechelela alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Mtabaki humo mpaka damu ipimwe," alisema, akifuta pua. "Ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria, Bibi."

"Basi tutawapikia. Mwenyekiti anakula mlenda tu, usijisumbue kumbadilisha."

Karani alifumbua macho. Mboni zilikuwa zimepungua, na kijani kilikuwa kimerudi. Alitazama khanga iliyombana, akatazama mikono iliyomshika, akakumbuka, inaonekana, beseni la jana na beseni la leo. Akachomoa mkono mmoja na kumkwaruza Ndahani kutoka kifundo cha mkono mpaka kwenye dole gumba.

Damu ilitoka kwa mstari mwembamba. Uwanjani kelele zilikatika.

Ndahani aliutazama mkono wake. Aliutazama muda mrefu, vidole vimenyooshwa mbele ya mwanga uliobaki, na kila mtu aliyekuwa dirishani aliweza kuona kwamba havikutikisika. Kisha akamweka paka chini taratibu, akajipangusa damu kwenye shati.

"Sechelela," aliita. "Lete dagaa. Usilete wachache."